LEGO za zilipendwa: ununue Landrova, taipureta, redio au gemu?

Sisi tuliokulia Tanga miaka ya themanini LEGO, yale matofali ya plastiki ya kuunganisha, tuliiona kwa mbali tu. Gari lako ulilisuka mwenyewe kwa waya, magurudumu ukayachonga kutoka soli ya ndala iliyokwisha, usukani ukawa fimbo ndefu yenye duara la waya kichwani, na safari ikawa Chumbageni mpaka Ngamiani bila kusimama. Kwa hiyo rika langu wanaponiuliza wanunue seti ipi kati ya hizi za watu wazima zinazouzwa kwa jina la kukumbuka zamani, mimi huwarudishia swali: zamani ya nani?

Maana kinachouzwa hapo ni kumbukumbu, na bei yake si ya kitoto. Kuanzia 2020 LEGO walianza kuzipa seti za watu wazima maboksi meusi yenye alama ya 18+. Ndani ya maboksi hayo, zilipendwa zipo za namna mbili. Kuna zinazorudisha LEGO zenyewe za zamani: chombo cha angani, ngome ya wapanda farasi, kisiwa cha maharamia. Hizo ni za mtu aliyekuwa na LEGO chini ya kitanda akiwa na miaka minane. Halafu kuna zinazoiga vitu vilivyokuwa nyumbani, ofisini na barabarani, na huko ndiko mtu wa Tanga, wa Mombasa au wa Bukoba anaweza kukuta kitu chake.

Nimezijenga nne kwa mikono yangu na mbili nimesaidia kwa shemeji. Hizi hapa, pamoja na bei zilizotoka nazo Marekani. Tangu hapo baadhi zimepanda, na nyingine ni za kutafuta kwa watu.

| Seti | Namba | Mwaka | Vipande | Bei ya kutoka (dola) |
|---|---|---|---|---|
| Land Rover Classic Defender 90 | 10317 | 2023 | 2,336 | 239.99 |
| Taipureta | 21327 | 2021 | 2,079 | 199.99 |
| Redio ya kizamani | 10334 | 2024 | 906 | 99.99 |
| Gemu la Nintendo (NES) | 71374 | 2020 | 2,646 | 229.99 |
| Galaxy Explorer (chombo cha angani) | 10497 | 2022 | 1,254 | 99.99 |
| Vespa 125 | 10298 | 2022 | 1,106 | 99.99 |

Wakusanyaji wengi wana mazoea ya kugawa bei kwa idadi ya vipande. Ukifanya hivyo, Galaxy Explorer inashinda: senti nane kwa kipande. Redio inashika mkia, senti kumi na moja. Mimi hesabu hiyo siiamini sana. Seti ya vipande elfu mbili inaweza kuwa na vijitofali mia tano vidogo kama punje za mchele, ambavyo utavipanga kama mtu anayechambua mchele wenyewe. Kipimo changu ni kingine: kitu hiki mkono wangu unakijua? Niliwahi kukizungusha, kukibonyeza, kukisukuma?

Kwa kipimo hicho, nianze na Landrova.

Gari lenyewe lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi ikawa ya alumini, na rangi ya kwanza ilikuwa kijani kilichobaki kwenye maghala ya ndege za kijeshi. LEGO waliitoa seti yao mwaka ilipotimia miaka 75, wakaipa kijani kilichopauka na paa jeupe. Ukiiweka mezani, mtu yeyote aliyewahi kupanda Landrova kwenda shamba ataitambua kabla hujasema neno. Ina urefu wa kama sentimita 32. Ukizungusha usukani, magurudumu ya mbele yanageuka. Ukibonyeza boneti kwa kiganja, gari linashuka na kupanda juu ya springi zake. Kuna keria ya juu, madumu, bomba la kupitishia hewa wakati wa kuvuka mto, na winchi ya mbele inayofanya kazi. Vifaa hivi unavifunga au unaviacha upendavyo. Shemeji yangu alivifunga vyote siku ya kwanza, akavivua vyote siku ya pili. "Ya mzee haikuwa na mapambo," alisema.

Hapo tukafika kwenye dosari yake kwa watu wa kwetu. Hii ni 90, ile fupi. Sisi tulizozipanda, zile za mission, za idara ya maji, za kubebea mahindi na watu kumi na wanne nyuma, zilikuwa ndefu: 109 na baadaye 110. Ukiwa mkali wa mambo hayo kama shemeji, utaijenga kwa furaha na bado utaona kitu hakipo nyuma ya mlango wa dereva. Arusha mwaka 2024 walipozikusanya Landrova kwa mamia katika tamasha lake, nilipekua picha nikitafuta fupi, na kila nilipoitazama picha jicho lilikuwa linaangukia ndefu.

Tahadhari moja kabla ya kulipa: kuna Defender nyingine, namba 42110, ya mwaka 2019, yenye vipande 2,573. Hiyo ni ya Technic, ile jamii ya gia na fito, na imeiga Defender mpya iliyokuja baada ya ile ya zamani kusimamishwa mwezi Januari 2016. Kwa fundi ni seti tamu, ina gia za kubadilisha. Lakini kwa mtu anayemkumbuka babu yake siyo gari lile kabisa. Nimeshaona watu wawili wakiagiza hii wakidhani ni ile, kwa kuwa jina ni moja na zote ni za kijani. Soma namba.

Taipureta ni hadithi nyingine. Wazo lake lilitoka kwa mpenzi wa LEGO, likapigiwa kura na wenzake, na umbo likaigwa kutoka mashine aliyokuwa akiitumia Ole Kirk Kristiansen, mwanzilishi wa kampuni. Ndani ya boksi kuna barua ya mwenyekiti wa kampuni, kitukuu wa mwanzilishi huyo, iliyochapwa kwa lugha 43. Kuijenga ni kazi ya jioni kadhaa. Nusu ya kwanza huoni chochote kinachofanana na taipureta. Unaunganisha vyuma vya plastiki, vikono na kamba, huku ukijiuliza kama hukukosea ukurasa. Kisha ghafla unabonyeza kitu, kitu kingine kinaruka, na ile sehemu ya juu inayobeba karatasi inasogea hatua moja kushoto. Nilipofika hapo nilibonyeza mara ishirini kabla ya kuendelea.

Mama yangu alikuwa karani mchapaji serikalini kwa miaka ishirini na sita. Alipokuja kututembelea nilimwekea mezani bila kumwambia ni nini hasa. Alikaa, akanyoosha mgongo, akaweka vidole vyote kumi mahali pake. Akabonyeza A. Akabonyeza M. Akainama kuchungulia.

"Mwanangu, mbona nyundo ni moja?"

Ndivyo ilivyo. Ubonyeze herufi yoyote, kikono kinachoinuka ni kilekile cha katikati. Wengine waliokuja nyumbani wote walikuwa wameshangilia bila kuliona hilo. Mama aliona kwa sekunde tano, kwa sababu masikio yake yalikuwa yanangoja vikono viwili vigongane, kama vinavyogongana ukichapa haraka kuliko mashine. Akaniuliza kama inaandika. Nikamwambia haiandiki, ila karatasi unaweza kuiingiza. Akaomba karatasi, akaizungushia kwenye roli, akailinganisha kingo mbili kama mtu anayepima suruali, akaanza kuchapa. Alichapa mistari mitatu ya hewa, mwisho wa kila mstari akiirudisha ile sehemu ya juu kwa mkono wa kushoto. Sijui aliandika nini, na sikumuuliza.

Kwa hiyo taipureta naipa alama za juu kwa mchezo wa vidole na za chini kwa anayetaka mashine kamili. Ina upana wa sentimita 27 hivi na kina kinachokaribia huo, maana yake rafu ya vitabu ya kawaida haiitoshi, inataka meza. Na hapa ndipo nilipoumwa. Yangu niliinunua imeshatumika, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeapa kwamba imekamilika. Ilikuwa imekamilika isipokuwa ile kamba inayoivuta sehemu ya juu na vipande tisa vya chini. Bila kamba, taipureta hii ni pambo tu. Nilivipata vyote BrickLink, soko la vipande moja moja ambalo LEGO wenyewe walilinunua mwaka 2019, lakini nauli ilikuwa kubwa kuliko vipande. Ukinunua iliyotumika, omba video ya mtu akibonyeza herufi na sehemu ya juu ikisogea. Picha haitoshi.

Redio ndiyo inayodharauliwa na wahesabu vipande, na ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi. Vipande 906, unaimaliza Jumapili moja baada ya chai. Ukizungusha kitufe cha kutafutia stesheni, mshale unatembea kwenye kioo, na tofali moja maalumu lenye betri linatoa sauti: mikwaruzo, vipande vya muziki, sauti za kubuni. Sauti hizo hazina lolote la kwetu. Hakuna ngoma ya kuashiria taarifa ya habari, hakuna matangazo ya vifo yaliyokuwa yakinyamazisha nyumba nzima, hakuna salamu za wasikilizaji kutoka Nzega kwenda Nachingwea. Ukiishia kwenye sauti za kiwandani, utaichoka kabla ya wiki.

Lakini nyuma kuna nafasi ya kuweka simu. Unafungua mfuniko, unachomeka simu, unarudisha. Nilipakua rekodi za zamani za muziki wa dansi, nikaweka sauti chini kidogo, na ile sauti ya simu ambayo mkononi ni nyembamba ikatoka imezibwazibwa na plastiki, haswa kama redio ya jirani inavyosikika kupitia ukuta. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee wa miaka sabini na kitu, aliingia sebuleni akaielekea redio moja kwa moja kuipunguza sauti. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe bila kukitafuta. Tofali la sauti ndilo linalofanya vipande vionekane ghali, na wala siyo hilo nililolipia.

Gemu la Nintendo lina ufundi kuliko zote sita, nalisema bila kusita. Ni runinga ya kizamani yenye upana wa sentimita 23 na ushei, mashine ya gemu yenye kanda inayoingia na kunasa, na pedi yenye waya. Ubavuni mwa runinga kuna mkono wa kuzungusha. Ukiuzungusha, picha inatembea, na Mario, yule mhusika wa gemu, anapanda na kushuka akiruka vizuizi. Namna wasanifu walivyompitisha yule Mario mdogo juu ya vilima vya matofali, kwa fito zilizofichwa nyuma ya mkanda unaozunguka, inapendeza zaidi ukiwa unaijenga kuliko ikiwa imekamilika.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatukucheza kwenye mashine hiyo. Tulicheza kwenye zile za kuiga, zilizofika madukani zikiwa na kanda za njano zilizoandikwa gemu 9,999 kwa moja, ambazo ukizifungua unakuta gemu kumi na mbili zinazojirudia kwa majina tofauti. Mario alikuwa yuleyule, kupuliza kanda ikigoma kulikuwa kulekule, na kugombania pedi na kaka zako kulikuwa palepale. Lakini hii ya kijivu yenye mfuniko wa mbele ni ya Marekani na Ulaya. Ukiwa na miaka thelathini na tano mpaka arobaini na tano na una ndugu wa kuijenga naye, inunue. Ukiwa peke yako, fikiria tena, maana utaizungusha wiki ya kwanza, kisha itakaa. Na jua hili: sauti haina. Sauti inatoka kwenye kikaragosi cha Mario chenye betri kilichouzwa katika seti nyingine ya watoto. Ukikiweka juu ya runinga, ndipo muziki unaanza. Ni gharama ya ziada ambayo boksi haikupigii kelele.

Galaxy Explorer nailinganisha kwa haki ingawa si yangu. Ya awali ilitoka 1979 ikiwa na vipande 338. Marekani iliitwa namba 497, Ulaya 928. Hii ya 2022, iliyotolewa LEGO ilipotimiza miaka 90, imekuzwa mara moja na nusu kila upande. Hesabu hiyo ina maana yake: mtu mzima akiishika mkononi, ukubwa unamrudia uleule aliouhisi akiwa mtoto mwenye viganja vidogo. Ni wazo zuri kuliko yote niliyokutana nayo katika seti hizi. Bluu, kijivu, vioo vya njano, wanaanga wanne, miguu ya kutulia inayokunjika, na gari dogo tumboni. Zaidi ya hapo, vipande hivyohivyo vinajenga vyombo vingine viwili vya zamani, kwa maelekezo ya kampuni yenyewe. Kwa bei yake ya kutoka, dola mia, hakuna aliyekupa zaidi. Rafiki yangu aliyekulia Copenhagen, mama yake Mpemba, alipoiona kwa shemeji alikaa kimya dakika nzima. Mimi niliona ndege nzuri ya bluu.

Vespa sitaikalia sana. Ni ya bluu ya maji, inageuka usukani, ina kikapu na helmeti, na inajengwa kwa raha. Mtu wa Unguja aliyewahi kubebwa nyuma ya Vespa ya baba yake kupitia Darajani hahitaji maelezo yangu. Wengine wote, kwa bei hiyohiyo chukueni redio.

Sasa mambo ya nyumba zetu, ambayo maboksi hayayasemi. Jua la dirishani linageuza rangi za plastiki hii. Nyeupe na kijivu zinaingia manjano, na hakuna sabuni inayorudisha. Paa la Landrova na mwili wa lile gemu ndivyo vitakavyoumia kwanza, kwa hiyo viweke ukuta wa ndani. Vumbi la kiangazi lifute kwa brashi laini ya vipodozi. Ukitaka kuosha vipande, maji yasizidi nyuzi 40, na usivianike juani. Tofali la sauti la redio lisiguse maji hata kidogo.

Kuhusu kusafirisha, wengi wetu tunaagiza kwa ndugu aliye Dubai, Muscat au Ulaya, naye analalamikia ukubwa wa boksi. Mwambie afungue. Mifuko ya ndani ina namba na inajipanga vizuri kati ya nguo. Boksi lenyewe lilazwe bapa kama unalitaka. Ukifungua nyumbani ukakuta kipande hakipo kwenye seti mpya, kampuni inatuma bila malipo, ila ndugu huyo atahitaji kutoa anwani yake.

Ukiniwekea kisu shingoni, kwa bei zile za kutoka: mwenye dola mia moja achukue redio kama alizaliwa kabla ya simu za mkononi, na Galaxy Explorer kama ana watoto watakaoicheza. Mwenye mia mbili na zaidi achague kati ya Landrova na taipureta, na hapo mimi ningeuliza mzazi gani alikuwa na kazi gani. Gemu liwe la tatu.

Kabla hujalipa, fanya kitu kimoja ambacho ni cha bure. Vitabu vya maelekezo ya seti hizi zote vipo kwenye tovuti ya LEGO. Andika namba ya seti, pakua, upekue kurasa sitini za mwanzo ukiwa na kikombe cha chai. Kama ukurasa wa thelathini umeanza kuchungulia simu, hiyo siyo seti yako, hata kama picha ya boksini imekutoa machozi.